Nusu Farasi: Fundi wa Kanyakine Apanda Kanja Kukanusha Kipimo Chake

Saa mbili kasorobo asubuhi, Kanja, Kaunti ya Embu. Ukungu bado haujaamua kama utaondoka au utashinda hapa. Gladwell Ntinyari amepiga magoti kando ya barabara ya udongo mwekundu, anamimina maji katika mitungi minne ya plastiki ya lita ishirini. Anaijaza hadi shingoni, anakaza vifuniko, kisha anaining'iniza mmoja mmoja kwenye mizani ya bucha iliyofungwa kwenye tawi la mgrevilea.

Wanaume kumi na wanne wamesimama wakimtazama, mikono ndani ya mifuko ya majaketi. Hawa ndio wanaobeba maziwa kwa pikipiki kutoka mashamba ya bondeni hadi kwenye tangi la kupozea, huko juu.

"Fundi, kwani siku hizi unauza maji?" anauliza mmoja wao. Wenzake wanaangua kicheko.

"Ngojeni tu," anajibu bila kuinua kichwa. "Hamjasikia yenyewe."

Bi Ntinyari, mwenye umri wa miaka 34, ni fundi wa pikipiki kutoka Kanyakine, Imenti Kusini. Wiki tatu zilizopita aliwaambia wanaume hawa kwamba akizifanyia pikipiki zao marekebisho madogo, kila injini itaongeza nguvu ya farasi mmoja mzima. Walimpigia makofi. Chama chao kikakubali kumpa kazi ya kuhudumia pikipiki zote kumi na nne kwa mwaka mmoja. Leo, Jumamosi, ndiyo siku ya kutia sahihi.

Na leo amekuja kuwaambia kwamba alikosea.

Katika kazi hii ya uandishi tumezoea watu wanaokanusha maneno ya wenzao. Wanaokanusha yao wenyewe ni wa kutafuta kwa tochi, tena pale ambapo kazi ya mwaka mzima imewekwa mezani na kalamu iko tayari. Ndiyo maana mwandishi huyu alifunga safari hadi Kanja kumwona.

Bi Ntinyari alianza ufundi miaka kumi na moja iliyopita, baada ya kumaliza kozi katika chuo kimoja cha ufundi. Banda lake la mabati liko nyuma ya soko la Kanyakine. Kurekebisha pikipiki kwa kawaida humletea Sh500, na siku nzuri huondoka na Sh1,500. Siku mbaya huondoka na mikono michafu tu, asema, na sabuni ni ya kununua.

"Mwanzoni walikuwa wakija, wananiangalia, wananiuliza fundi ako wapi," anakumbuka. "Nikisema ni mimi, mtu anasukuma pikipiki yake anaenda. Wengine walirudi wakati ilikuwa imewakatalia kabisa."

Kilichomfanya aanze kupima nguvu za injini ni ugomvi. Mteja mmoja alilipia filta mpya na bomba jipya la moshi, akaenda, akarudi baada ya siku mbili akisema pikipiki haijabadilika hata kidogo. Bi Ntinyari akasema imebadilika. Mteja akasema haijabadilika. Wakabishana hadi watu wakajaa.

"Baadaye nilijiuliza," anasema. "Kila fundi hapa kwetu anasema 'sasa inavuta'. Inavuta kiasi gani? Hakuna anayejua. Ni maneno ya mdomo tu, na mdomo wake ulikuwa mkubwa kushinda wangu."

Alirudi nyumbani akafukua kitabu chake cha fizikia cha sekondari. Humo alikuta jambo alilolisoma zamani akalikariri bila kulielewa: farasi mmoja ni nguvu ya kuinua kilo 76 kwenda juu mita moja, kwa sekunde moja. Basi. Wala huhitaji mashine ya mamilioni. Unahitaji mlima, mzigo na saa, na kwa milima, Imenti haijawahi kupungukiwa.

"Farasi mwenyewe nimemwona kwa picha tu," anacheka. "Hapa tuna punda."

Alichagua mlima wa karibu na kwao. Alitumia mpira mwembamba wa maji, ule ambao waashi hutumia kupata usawa wa msingi, akapanda nao hatua kwa hatua kwa siku mbili hadi akafikisha kimo cha mita sitini kamili. Akapigilia kigingi chini na kingine juu. Kisha akapima uzito: pikipiki kilo 115, dereva 70, mzigo 80. Jumla 265. Zidisha kwa mita sitini, gawanya kwa 76, unapata 209. Namba hiyo ukiigawanya kwa sekunde ambazo pikipiki imetumia kutoka kigingi hadi kigingi, umepata farasi wako.

Dereva wa majaribio alikuwa Thuranira, bodaboda wa Kanyakine ambaye ni mteja wake wa miaka mingi na mpinzani wake katika kila jambo. Mzigo ulikuwa nyasi za nepia, zile ambazo kila nyumba hapa huzikata kwa ajili ya ng'ombe wa zizini. Ni mzigo ambao bodaboda hubeba kila siku, na ukimaliza kupima nao, hautupwi. Ng'ombe wa mama yake wangekula.

Siku ya kipimo, nepia zilikatwa alfajiri, zikafungwa matita manne na kupimwa katika bucha ya Idrisi, jirani yake sokoni. Kilo ishirini kila tita, bila hila.

Saa moja na nusu asubuhi pikipiki ya Thuranira, ikiwa kama ilivyokuwa, ilipanda kwa sekunde 42. Farasi watano kasoro chembe. Baada ya hapo Bi Ntinyari akabadilisha filta, wakapanda tena. Akapanga valvu na kusafisha kabureta, wakapanda. Akakaza mnyororo. Mwisho, saa tisa alasiri, akafunga bomba jipya la moshi, na pikipiki ikapanda kwa sekunde 35. Farasi sita.

"Nilipiga nduru!" anasema. "Farasi mmoja mzima! Thuranira akashuka, akaniinua juu kama mtoto. Watu walidhani nimeshinda bahati nasibu."

Habari zilienea. Bodaboda kumi na mmoja wa Kanyakine wakalipia marekebisho hayo yote, Sh4,800 kila mmoja. Habari zikavuka Chuka na Runyenjes, zikafika kwa Bw Njagi, mwenyekiti wa wabeba maziwa wa Kanja, mzee wa miaka 61 asiyependa maneno mengi. Alimwita, akamsikiliza, akapiga hesabu yake. Kwa farasi mmoja zaidi, alisema, kila pikipiki itaongeza mkebe wa tatu wa maziwa juu ya ile miwili ya sasa. Mlima ni uleule na mafuta ni yaleyale, lakini maziwa yataongezeka.

Makosa yaligunduliwa zizini, Jumanne ya wiki hii.

Bi Ntinyari alitaka kurudia kipimo apate namba ya kuwaonyesha watu wa Kanja. Alikata nepia alfajiri kama mara ya kwanza, akapima kwa Idrisi, akashinda mlimani na Thuranira. Alasiri akampelekea mama yake, Celina, yale matita manne. Mama huyo ana ng'ombe watatu na macho makali.

"Hii imekatwa jana?" mama akauliza.

"Ni ya leo, mama. Ya alfajiri."

"Ya leo na iko hivi? Mbona imelala?" Akalinyanyua tita moja kwa mkono mmoja, akalipima kwa kulitikisa. "Ulisema kilo ngapi hii?"

"Ishirini."

"Ishirini za nani?"

Sehemu hizi, anayenunua nyasi kwa kilo hanunui asubuhi na mapema. Hungoja jua litoke, umande ukauke, ndipo atoe pesa, kwa maana hakuna anayetaka kununua maji. Hata ng'ombe hapewi nyasi za umande, humfurisha tumbo. Mtoto wa darasa la tatu analijua hilo. Bi Ntinyari alilijua tangu utotoni, ila siku ile alikuwa amevaa akili ya fizikia na kuivua ya zizini.

"Mama alinitazama, akaniambia kwa Kimeru, 'Wewe mtoto, ulipima umande,'" anasimulia, na hapa sauti yake inapungua. "Nilibeba yale matita mbio hadi kwa Idrisi."

Idrisi alikuwa anafunga bucha. Akafungua tena, akapima. Kilo 64. Kilo kumi na sita zilikuwa zimeondoka na umande, na jua, na majani yaliyopeperuka njiani kila walipopanda. Tena Thuranira, ambaye asubuhi alipimwa akiwa na jaketi zito, suruali ya mvua na gambuti, alasiri alikuwa na shati na viatu vya raba. Hizo ni kilo tatu nyingine.

"Dada, hata mimi nikipima nyama na mfupa wake, siwezi kuiuza jioni kwa uzito wa asubuhi," Idrisi alimwambia. "Nyama inakauka. Hii yako ni majani."

Alikaa kwenye benchi la bucha, akapiga hesabu upya nyuma ya karatasi ya kufungia nyama. Pikipiki haikuwa imeongeza farasi mmoja. Ilikuwa imeongeza nusu na chembe. Nusu nyingine ilikuwa imebebwa na mzigo uliopungua.

Hapo ndipo walipokosana na Thuranira.

"Nilimwambia anyamaze," anakiri Thuranira mwenyewe, bila haya, akiwa ameegemea pikipiki yake hapa Kanja. "Kwani nani angejua? Watu wameridhika. Pikipiki inavuta. Wewe unaenda kujichoma kwa nini? Nilimwambia fundi, kazi ya mwaka mzima haiokotwi barabarani."

Bi Ntinyari anasema maneno hayo yalimkaa kichwani usiku kucha. Kazi ya Kanja ingemtoa kwenye banda la kukodi. Ameshaona kiwanja kidogo cha kujenga karakana yake, ameshakizunguka mara tatu akikipima kwa hatua. Ana watoto wawili shuleni. Na ni mwanamke: fundi mwanamume akikosea, watu husema kazi imemshinda leo, yeye akikosea, watasema walijua tu.

"Kilichonitoa kitandani ni ule mkebe wa tatu," anasema. "Mtu akinunua bomba la kelele bure, atanung'unika, yaishe. Lakini hawa watu wangepakia maziwa kwa sababu ya namba yangu. Mlima huo nimeuona. Pikipiki ikizima katikati na mikebe mitatu, inarudi nyuma na wewe. Nikasema hapana. Heri waniite mjinga."

Jumatano aliandika kwa chaki kwenye ubao wa banda lake: SI FARASI MMOJA, NI NUSU. NILIKOSEA KUPIMA. Wateja wake kumi na mmoja wakasoma. Wengine walicheka, mmoja akampigia simu kumsifu, na watatu hawajakanyaga tena. Jana, Ijumaa, akaja Kanja na Thuranira, mizani ya Idrisi ikiwa ndani ya gunia. Walishinda mlimani na mpira wa maji, Bw Njagi mwenyewe akishika ncha moja, hadi wakapata mita sitini na kupigilia vigingi.

"Nilimuuliza kwa nini tunapima mlima ambao haujahama tangu nizaliwe," anasema Bw Njagi. "Akaniambia, mzee, kesho nitasema mbele ya wote. Nilijua kuna jambo."

Sasa mitungi minne imejaa. Bi Ntinyari anasimama, anafuta mikono kwenye ovaroli, na kuwaeleza wanaume kumi na wanne habari yote: nyasi, umande, jaketi la Thuranira. Haondoi neno. Anapomaliza, sauti zinalipuka.

"Nusu farasi? Si hiyo ni punda!" mmoja anapaza sauti.

"Tulikuitia moja, unatuletea nusu!"

Anayekasirika zaidi ni Ndwiga, baba wa watoto wanne, ambaye ameshafunga keria ya tatu kwenye pikipiki yake kwa ajili ya mkebe wa ziada, na alipanga kuanza Jumatatu. "Fundi, mimi nimeshaambia watu watatu kule bondeni nitawabebea maziwa yao," anasema. "Sasa niwaambie nini? Niwaambie ilikuwa umande?"

"Leta pikipiki yako," Bi Ntinyari anamjibu. "Tupime na yako, ukiendesha wewe mwenyewe. Macho ni yenu."

Wanampima Ndwiga, wanaipima pikipiki, wanapunguza maji kidogo ili jumla irudi 265 zilezile. Thuranira anabaki kwenye kigingi cha chini na simu, Bi Ntinyari anasimama cha juu. Tairi likivuka, Thuranira anapiga kelele kwenye simu "Sasa!" na saa inaanza. Kila hatua wanapanda mara tatu, na kila baada ya mara tatu mitungi inarudi mizanini, kila mtu aone.

Ikiwa kama ilivyo, pikipiki ya Ndwiga inapanda kwa sekunde 43. Kwa filta safi, 42. Kisha Bi Ntinyari anafungua injini palepale kando ya barabara, anapanga valvu, anasafisha kabureta, vidole vyake vikienda bila kuuliza njia. Sekunde 39 na nusu. Anakaza mnyororo na kuutia mafuta. Sekunde 39.

Bomba la moshi analiacha mwisho, lile la Sh3,000 ambalo vijana wote hulililia. Linapiga kelele bonde zima lisikie, mbwa wanabweka. Sekunde 39 na nusu. Limepunguza nguvu.

"Hilo nilikuwa nawauzia watu," Bi Ntinyari anasema, na anaifanya sauti yake iwafikie walio nyuma. "Siuzi tena."

Nusu farasi, basi. Kutoka 4.86 hadi 5.36, na karibu yote imetoka kwa kazi ya mikono na mafuta ya mnyororo. Watu wanaanza kuelewa kidogo. Ila Ndwiga hataki kuelewa.

"Nusu ni nusu, lakini imeongezeka," anashikilia. "Wekeni mkebe wa tatu. Nitapita."

Bw Njagi anamkataza. Bi Ntinyari anamsihi. Ndwiga ameshawasha. Mwishowe wanakubaliana aende, mradi wanaume watano watangulie kwa miguu na kumngoja kwenye kona iliyo juu ya vigingi, penye mwinuko mkali zaidi.

Anaondoka na mikebe mitatu iliyojaa maji. Anapita kigingi cha chini, anapita cha juu, polepole, injini ikinguruma kwa uchungu. Kwenye kona anashusha gia hadi ya kwanza. Injini inakohoa mara mbili, inazima.

Anakanyaga breki. Tairi la nyuma linaserereka kwenye changarawe, na pikipiki nzima, na mikebe, na Ndwiga juu yake, inaanza kurudi nyuma kuelekea ukingo. Wanaume watano wanaidaka. Mmoja anaangushwa chini, mwingine anashika keria kwa mikono miwili, kisigino kimejikita kwenye mtaro. Inasimama.

Hakuna anayecheka. Ndwiga anashushwa, anaketi kwenye ukingo wa barabara, kofia bado kichwani. Anatazama chini kwenye migomba.

"Jumatatu ningekuwa peke yangu hapa," anasema.

Bi Ntinyari ameketi kando yake. Machozi yanamtoka na hajali nani anamwona. Anasema tu, "Pole, ndugu yangu. Pole sana. Ni namba yangu ilikuleta hapa."

Saa sita mchana Bw Njagi anawakusanya wanachama kwenye ukumbi wa kanisa. Mkebe wa tatu unafutwa bila mjadala. Juu ya kazi ya Bi Ntinyari, maneno ni mengi. Wengine wanasema aliwadanganya. Wengine wanasema mwongo haji mwenyewe na mizani. Bw Njagi anasikiliza wote, kisha anasema sentensi moja tu: "Mimi nimefanya kazi na mafundi miaka thelathini, na huyu ndiye wa kwanza kunionyesha kazi yake kabla sijalipa."

Mikono inainuliwa. Tisa wanamtaka, wanne hawamtaki. Ndwiga hahesabiwi upande wowote. Yuko nje chini ya pikipiki yake na spana, anafungua nati za keria ya tatu.

Kazi anapewa, ila ya miezi mitatu badala ya mwaka, na kwa sharti ambalo amelitaka yeye: kila pikipiki ipimwe mlimani kabla na baada, mwenyewe akiwapo. Ile karakana itabidi ingoje. Kiwanja kikiuzwa, kimeuzwa, anasema, na anaugeuza uso kidogo anapolisema hilo.

Mpango wake sasa ni kutengeneza rola nzito ya chuma itakayozungushwa na tairi la nyuma, pikipiki iwe inapimwa imesimama bandani, mvua inyeshe isinyeshe. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma kule Nchiru amemwahidi chuma chakavu. Akiimaliza, anataka kila bodaboda wa Imenti Kusini ajue kwa namba mzigo ambao injini yake inaweza kuupandisha, auandike kwenye tangi la mafuta kwa rangi.

"Itanichukua mwaka, labda miwili," anasema, akikunja mpira wake wa maji. "Watu watanicheka kwa hii nusu farasi, najua, wataniita hivyo mpaka nizeeke. Waniite. Lakini ukiniuliza pikipiki yako inabeba ngapi, nitakujibu, na usiku nitalala."